Soketi Isiyo na Mwenzake

Jumamosi, 30 Agosti

Leo ni siku ya tisa tangu niolewe, na bado nikisikia mtu akisema "mke wa Zahran" hugeuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati, kisha nakumbuka kuwa ni mimi. Daftari hili nimelinunua ili niandike mwaka wa kwanza wote, maana dada zangu wanasema utamu wa mwanzo husahaulika. Mimi sitaki kusahau hata chembe. Sitaki kusahau anavyocheka kwa mabega kabla ya mdomo, wala anavyoniita kutoka uani bila sababu, nikitoka ananiambia, "Basi tu, nilitaka nione kama bado upo."

Na sitaki kusahau, ili nije kumsuta nikiwa bibi kizee, kwamba siku ya tisa ya ndoa yetu mume wangu alileta injini nyumbani.

Imetoka Japani, imeshatumika, silinda sita, imefungwa plastiki. Ni ya pikapu ya marehemu baba mkwe, ile nyeupe yenye bonyeo mlangoni. Injini yake ya zamani ilikufa Julai ikipanda mlima. Bila pikapu hiyo hakuna wa kubeba mizinga yetu arobaini kwenda bonde la Luwaih, na mikunazi ikichanua mwanzoni mwa Oktoba nyuki hawapo, hakuna asali mwaka huu. Tena nafasi ya baba mkwe chini ya ile mikunazi itakwenda kwa mwingine. Ndiyo desturi ya bonde: ua la kwanza likifunguka, palipo patupu ni pa yeyote. Baba hakukosa msimu hata mmoja kwa miaka thelathini na moja.

"Wiki tano zinatosha?" nikamuuliza.

"Mbili zinatosha. Injini ni bolti tu, Rayya."

"Na hizi nyaya zote?"

"Nyaya ni nyaya."

Alisema kwa uhakika mzuri sana. Nilimpenda zaidi.

Jumatatu, 1 Septemba

Nyaya ziko juu ya zulia langu la harusi, lile la rangi ya maziwa, kwa sababu ndicho chumba chenye kiyoyozi na nafasi. Zilikatwa kwenye gari la Japani pamoja na injini, zimelala kama mti uliong'olewa na mizizi yake, na kila mzizi unaishia kwenye soketi ya plastiki. Nimezihesabu. Hamsini na nane.

Zahran anashika soketi, anafuata waya wake mpaka unakotoka, ananitajia, na mimi naandika kwenye utepe wa karatasi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Kisha nanakili daftarini, huku nyuma. "Andika, joto la maji." "Andika, pampu ya mafuta." Tusiyoijua naandika sura yake: nyeusi, bapa, matundu manne. Kijivu, kama kiberiti, ina kifuniko. Ananisomea karibu na sikio kana kwamba ni mashairi. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine hapa Rustaq aliyebembelezwa kwa maneno "kipimo cha hewa".

Jumatano, 3 Septemba

Joto. Nyaya. Wali umeungua, kosa la nyaya.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya sala alikuja Khalfan, mtoto wa ami yake Zahran. Yeye pia anafuga nyuki, na ana pikapu nzima inayotembea, jambo analolitaja kila baada ya dakika tano. Lakini anachekesha. Alitazama zulia akasema:

"Shemeji, huyu amekuoa au amekuajiri?"

"Vyote viwili."

"Basi dai likizo."

Ndiye aliyempa Zahran kanuni. Injini hii, akasema, ilikaa kwenye gari la kifahari lenye viti vya umeme na gia zinazojibadilisha zenyewe. Sisi tunaitia kwenye gari la kubebea nyuki. "Kwa hiyo, soketi yenye mwenzake wa kuchomekwa naye, iache. Isiyo na mwenzake ni ya anasa za Wajapani. Kata."

Mume wangu anapenda unadhifu kuliko chakula. Alikata kumi na moja, na kila aliyoikata niliitia alama ya mkasi daftarini. Kisha akauzungushia mkonga mzima wa nyaya utepe mweusi, ukawa mwembamba na laini kama msuko wa nywele. Niliupiga picha. Nimeolewa na fundi.

Jumanne, 9 Septemba

Injini imeingia kwenye pikapu. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, alitoka, akatazama, akasema, "Imekaa," akarudi ndani. Ndiyo maneno marefu zaidi niliyomsikia akisema wiki hii. Mimi ananiita "bibi harusi" kama mtu anayetaja bei ya kitu asichotaka kununua.

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja wanaume saba kushuhudia. Nilikata halua, nikajaza birika, nikachungulia dirisha la jiko nikiwa na moyo mdomoni kama mama wa mtoto anayetahiriwa.

Iliwaka. Sauti nzuri, nzito. Moja, mbili, tatu, nne, ikafa.

Akawasha tena. Moja, mbili, tatu, nne, ikafa. Mara kumi na saba. Kila mara hesabu ya nne, kama mtu aliyekatazwa kusema ya tano. Nikamsikia Khalfan akicheka, kisha sauti ya Zahran ikapanda, kisha kimya kikubwa, kisha viatu vinaondoka. Halua ilirudi nzima.

"Kuna nini?" nilimuuliza alipoingia.

"Hakuna."

Amelala ameupa ukuta uso. Maskini mpenzi wangu, anaipenda kazi yake.

Jumatatu, 15 Septemba

Ameletwa Gulzar, fundi umeme wa kule kwenye gereji, Mpakistani mwenye miwani inayoning'inia shingoni, ameishi hapa kabla sijazaliwa. Ana mashine ndogo yenye kioo, unaichomeka kwenye gari na gari linakwambia linaumwa wapi.

"Soketi ya kupimia iko wapi?" akauliza.

Zahran akamwonyesha chini ya usukani ile yenye matundu kumi na sita. Ilikuwa imetoka na nyaya, na iliponea mkasi kwa kuwa umbo lake ni sawa na la magari yote ya siku hizi. Mashine ikaingia bila shida. Tukainama wote watatu juu ya kioo. Kioo kikasema hakuna mawasiliano.

"Inaingia lakini haisemi," akasema Gulzar. "Kuna nyingine?"

"Nyingine ya nini? Si hii imeingia?"

"Kuingia si kazi, ndugu yangu. Ufunguo wangu unaingia kwenye mlango wa jirani. Ama kompyuta ya injini imekufa, ama soketi siyo hii. Tafuta kwanza."

Zahran alisikia nusu ya kwanza tu, na mimi nilisikia pamoja naye, kama mke mwema. Huyu Gulzar anatutafutia gharama. Macho yake hayakunipendeza.

Jumanne, 16 Septemba

Kompyuta nyingine imeagizwa Maskati.

Ijumaa, 19 Septemba

Kompyuta imefika, imefungwa. Moja, mbili, tatu, nne.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa chumba cha Bi Zuwena, na mkono wangu umetulia, jambo linalonishangaza.

Asubuhi nilimwambia Zahran, kwa upole, nikimpa kahawa, kwamba Khalfan ana pikapu na ameshajitolea. Abebe mizinga safari mbili, na hili gari tuendelee nalo polepole. Ilikuwa rai ya kawaida kabisa. Zahran aligeuka rangi, akaweka kikombe, akatoka bila viatu.

Nikaenda kwa mama yake aliyekuwa anachambua tende, nikamwambia rai yangu, nikitaraji anisifu mara moja maishani.

Bi Zuwena akaacha kuchambua. "Hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

Basi ndipo nikaambiwa. Siku ile injini ilipokufa mara ya kumi na saba, Khalfan alisema mbele ya watu, "Lete mizinga nibebe mimi, na gari la marehemu likazikwe karibu na mwenyewe." Na mume wangu, ambaye alikuwa hajala tangu alfajiri, akasema, "Talaka inilazimu iwapo mizinga ya baba yangu itapanda gari lolote kwenda bondeni isipokuwa hili."

Wanaume saba. Mimi nilikuwa mke wa siku ishirini na tatu, niko jikoni nawakatia halua.

Nilimsubiri mlangoni.

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Kwa talaka yangu."

"Ulimi uliteleza, Rayya."

"Ulimi unaoteleza ni wako, na anayeanguka ni mimi?"

Alisimama na miguu yake mitupu yenye vumbi na mikono yake myeusi, na ubaya wa mambo ni kwamba hata wakati ule nilitaka kumpangusa grisi shavuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani litawaka kabla hujajua."

"Kwa hiyo wiki nzima umekuwa ukiniletea tende kitandani, na mimi nimewekwa rehani kwa injini."

"Nitaliwasha."

"Zahran, hujui hata soketi ya kupimia ni ipi."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Sijui ni mtu gani anayeweza kusikia habari ya kumpoteza mkewe akavumilia, akasikia habari ya soketi akainamisha kichwa. Ndiye niliyeolewa naye.

Nimelifikiria kila upande. Mizinga ikipanda gari jingine, narudi kwa baba yangu na zulia lenye grisi. Mizinga ikibaki hapa, nyuki watakula sukari mpaka waishe na nafasi ya miaka thelathini na moja itakwenda kwa mgeni, na Zahran hatajisamehe wala hatanisamehe kwa kuwa sababu. Linabaki gari kuwaka.

Jumatatu, 22 Septemba

Nalala kwa Bi Zuwena. Anakoroma.

Jumanne, 23 Septemba

Aliniita kutoka uani. Sikutoka. Aliita tena. Nilisema kwa sauti, "Bado nipo, kwa muda."

Baadaye nilijuta, lakini si sana.

Alhamisi, 25 Septemba

Bi Zuwena amevaa abaya yake ya misiba akaenda kwa imamu na maswali mawili. La kwanza, kiapo kile kinatenguliwaje. La pili, analoulizia Khalfan kila anapokutana na watu: gari lenye injini nyingine bado ni gari lile lile?

Imamu akamwambia, la kwanza mwenye ulimi aje mwenyewe, asimtume mama yake. La pili, aliapia nini moyoni, injini au gari? Zahran akaenda. Sijui aliambiwa nini, ila alirudi na masikio mekundu. Alisema tu kwamba moyoni alikusudia gari lenye bonyeo la baba yake mlangoni, na imamu akamjibu, "Basi lifanye litembee, kisha uje tuzungumze juu ya mdomo."

Jioni Bi Zuwena aliniambia bila kuulizwa, "Marehemu aliniapia talaka mara mbili. Mara moja kwa mbuzi. Mara moja kwa tikiti maji."

"Ukafanyaje, mama?"

"La mbuzi nililia. La tikiti nikamwambia, jina langu likitoka tena mdomoni mwako kwa kiapo, nitaondoka kwa miguu yangu, na mbuzi nakwenda naye."

"Akaacha?"

"Alimpenda sana yule mbuzi."

Kisha akanisogezea mto wake ulio laini zaidi, akaniambia, "Lala, mwanangu." Nilikuwa nimemkosea mwanamke huyu kwa wiki tano.

Jumapili, 28 Septemba

Habari kutoka Luwaih: vitumba vya mikunazi vimevimba. Siku sita, labda saba. Khalfan ameshapeleka mizinga yake. Nimesikia kuna mfugaji kutoka ng'ambo ya mlima ameshaegesha karibu na nafasi yetu, anangoja. Namchukia Khalfan kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Kanuni yake, kicheko chake, pikapu yake.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilichoka kununa. Kununa ni kazi nzito, na haiwashi gari. Nilichukua simu nikampigia Gulzar mwenyewe.

"Baba, mimi ni mke wa Zahran mwenye pikapu ya nyuki. Ile siku ulisema soketi siyo ile. Sasa unayoitaka wewe ikoje?"

"Mtu wa kwanza kuniuliza," akasema. Kisha akanieleza taratibu, kama mwalimu. Injini za umri ule zilizouzwa kwa Wajapani wenyewe, nyingi hazisemi na mashine yake hata ukichomeka. Zinasema kwa taa. Na soketi yake haikai chini ya usukani, inakaa kwenye boneti, karibu na injini. "Ni kisanduku kidogo, binti yangu. Kijivu au cheusi, na kifuniko juu. Ndani ya kifuniko kuna herufi. Hakichomekwi chochote. Soketi zote kwenye gari zina wenzao, hii haina. Inakaa tu inamngoja fundi."

Nikawa nimeshafungua daftari. Kijivu, kama kiberiti, ina kifuniko. Na ubavuni mwake, kwa kalamu yangu, alama ya mkasi.

Nilitoka uani. Zahran alikuwa chini ya gari, miguu nje. Nikaongea na miguu.

"Zile kumi na moja ulizozikata ulizitupa wapi?"

"Sikuzitupa," ikasema miguu. "Waya mzuri vile nitupe?"

"Ziko wapi?"

Akatoka polepole. Nikaona uso wake unaelewa kabla yake.

Mfuga nyuki hatupi waya. Waya ni wa kufungia vifuniko vya mizinga. Mizinga yetu ni magogo ya mitende yaliyochongwa uwazi, yamepangwa safu nne nyuma ya nyumba, na nilipofika pale jua likielekea kushuka niliona nilichokuwa nakipita kila siku bila kukiona: soketi za Japani zinaning'inia kwenye mizinga ya baba kama hereni. Nyeusi, nyeupe, ya kahawia. Kiberiti kilikuwa safu ya tatu, juu, mzinga wenye hasira kuliko yote.

"Ngoja nilete moshi," akasema Zahran.

Sikungoja. Nilikuwa nimengoja mwezi mzima. Nilipanda juu ya ndoo na mkasi wa jikoni, nikashika waya, nikakata upande mmoja. Mzinga ukanguruma. Nikakata wa pili, na nyuki mmoja akaja moja kwa moja, bila haraka, akanichoma kwenye kope.

"Shuka, Rayya."

"Sishuki."

"Watakuua."

"Utakuwa mjane basi, si mwenye talaka. Leta moshi wako."

Akaja na gunia linalowaka, akanizungushia moshi mpaka nikakohoa kama punda, akanibeba kutoka juu ya ndoo na soketi imo kiganjani mwangu. Tukaanguka kwenye majani ya mitende. Nilikuwa nalia kwa jicho moja. Yeye alianza kucheka kwa mabega, akaona uso wangu, akaacha.

"Nisamehe," akasema.

"La soketi au la kiapo?"

"La kiapo. La soketi niliambiwa na Khalfan."

Jumanne, 30 Septemba

Jicho la kushoto limeziba kabisa. Kwa la kulia naona kwamba mume wangu ni mzuri wa sura, jambo linaloniudhi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Jana alikuja Gulzar, akaketi kwenye zulia langu akavaa miwani. Ilibidi tufungue ule utepe mweusi wote, msuko wote, tupate vikonyo vya nyaya zilizokatwa. Zahran alifungua mwenyewe. Kiberiti kilikuwa na nyaya tisa. Gulzar alifungua kifuniko akanionyesha mimi herufi za ndani, si Zahran, akaniambia tunazozihitaji leo ni mbili tu, ya kuuliza na ya ardhi. Rangi kwa rangi, kikonyo kwa kikonyo, tukaunga.

Leo asubuhi akawasha swichi bila kuwasha injini, akachukua kipande cha waya akakipindisha, akaunganisha yale matundu mawili. Taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, iliyokuwa imekaa kimya mwezi mzima, ikaanza kupepesa.

"Hesabu, binti," akasema Gulzar. "Jicho lako moja linatosha."

Mara moja. Ikapumzika. Mara nne. Ikanyamaza. Tena: moja, pumziko, nne. Tena. Haikuchoka. Wiki zote hizi tulikuwa tunaitukana, na yenyewe ilikuwa na neno moja tu la kusema na tulikuwa tumeikata ulimi.

Gulzar ana kitabu chenye kurasa zilizolowa mafuta. Kumi na nne, akasoma, maana yake kompyuta inaamuru cheche ipigwe, kisha inangoja jibu kwamba imepigwa, na jibu haliji. Ikikosa jibu kwa sekunde chache hukata mafuta. Kwa hiyo hakuna kilichokufa, si kompyuta ya kwanza wala ya pili. Ni waya wa jibu tu uliokwenda pasipo pake.

Tukaufuata. Kulikuwa na nyaya mbili nyeusi, moja ina mstari mwekundu na nyingine mstari wa chungwa uliofifia. Zote mbili zilikuwa na utepe wa karatasi ulioandikwa "mstari mwekundu", na zimebadilishana mahali.

"Nani aliandika?" akauliza Gulzar.

Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Nilitamani nyuki arudi anichome la pili.

"Mimi," nikasema.

Nilimtazama Zahran. Alikuwa na haki ya kusema. Siku kumi na mbili nilikuwa nimemla kwa maneno, asubuhi na jioni, kwa sababu ya kiapo chake na mkasi wake, na sasa kosa la injini lilikuwa la kalamu yangu. Mtu mwingine angecheka tu, nami ningestahili. Yeye alichukua koleo akasema, "Taa ilikuwa hafifu siku ile. Nishikie hapa."

Nikamshikia, akazirudisha zile nyaya mbili kila moja mahali pake, akawasha.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita. Saba. Niliacha kuhesabu nilipofika tisini. Bi Zuwena alitoka na birika, akasikiliza, akasema, "Imekaa," na safari hii alimmiminia Gulzar kwanza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimerudi chumbani kwetu. Zulia halitasafishika kamwe.

Baada ya magharibi, nyuki walipokuwa wameingia wote, tuliziba midomo ya mizinga kwa vitambaa na kupakia ishirini. Alfajiri tunaondoka. Khalfan alikuja akasimama mbali na gari kana kwamba lina ukoma.

"Sigusi," akasema. "Nisije nikaonekana nimebeba mzinga hata kwa kidole."

Niliendelea kukaza kamba.

"Shemeji, mimi nilisema mzaha. Sikujua ataapa. Sijalala vizuri."

"Mimi nimelala na mama mkwe anayekoroma. Nikuhurumie?"

Akainama. Kisha akasema njia ya bonde ina mawe yaliyoporomoka tangu mvua ya Julai, na atatangulia na pikapu yake tupu, ayaondoe. Na kweli tupu: alitufungulia nyuma tuone.

Jumapili, 5 Oktoba

Safari mbili, jana na leo. Khalfan mbele, anashuka kila baada ya mita mia, anasukuma mawe, anapanda tena. Alipasua kanzu. Alipasua kiganja. Mara tatu niliona taa zake za nyuma kwenye vumbi nikafikiri, huyu ni mpumbavu, si adui. Nilikuwa nimewachanganya.

Injini ilipanda mlima kama haikusikia kwamba ni mlima. Zahran alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nimeushika mimi, na jicho langu la kushoto limeanza kufunguka kidogo.

Yule mfugaji wa ng'ambo alikuwepo, ameketi juu ya mzinga wake kwenye ukingo wa nafasi ya baba, anatazama tawi. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama akatusalimia, akasema, "Ua halijafunguka. Ningekuwa nimeshusha kama mngechelewa mpaka kesho." Akasaidia kushusha, akasogea. Leo mchana, tukishusha mzunguko wa pili, maua matatu yalikuwa wazi kwenye tawi la chini, madogo, ya manjano ya kijani, hata hayapendezi. Nyuki wetu walikuwa juu yake kabla sijaweza kuyaonyesha kwa kidole.

Baadaye wanaume waliketi kivulini na kahawa, wengi wao wale wale saba. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu nakunja vitambaa. Walicheka, wakasifu injini, wakasimulia mawe. Kisha Khalfan, ambaye Mungu amempa mdomo usiojifunza, akasema:

"Lakini kesho asubuhi haiwaki. Injini ya kuungaunga hii. Zahran, itawaka?"

Nilimwona mmoja wao akiniangalia kisha akaangalia chini. Niliona mgongo wa Zahran ukinyooka, bega likapanda, pumzi ikaingia, na nilijua ndivyo kiapo kinavyoanza. Kitambaa kilinikwama mkononi.

"Labda," akasema.

Walingoja yaliyobaki. Hayakuja. Akachagua tende, akaipasua, akatoa kokwa, akainuka akapita katikati yao wote, akaniletea nusu.